Mimi ndiye hushika bahasha ya jinsia ya mtoto wako

Wacha nikuambie siri ya kazi yangu. Ukiona video ya wapenzi wamesimama mbele ya sanduku kubwa, watu wanahesabu tano, nne, tatu, halafu baluni za pinki au za bluu zinapaa na kila mtu anapiga nduru, jua kuna mmoja pale ambaye hajashangaa hata kidogo. Amesimama kando na mkasi na gundi. Mara nyingi huyo huwa ni mimi.

Mimi hufanya mapambo ya sherehe. Chuo niliacha mwaka wa pili karo iliponishinda, na nisikudanganye, hata kozi yenyewe haikuwa imenishika vile. Nilianza kwa kupuliza baluni za bathidei ya mtoto wa jirani pale Kayole. Siku hizi wateja wangu wengi ni wa zile sherehe za kufichua jinsia ya mtoto ambaye bado yuko tumboni. Mimi naziita sherehe za bahasha. Wazazi wanaenda skani, wanamwambia mtaalamu asitamke kitu, aandike tu kwa karatasi na afunge. Bahasha inaletwa kwangu, au kwa mwokaji wa keki, au kwetu sote wawili. Kwa hivyo kuna wiki nzima ambayo mimi, msichana asiyehusika na ukoo wenu kwa lolote, najua mtoto wenu ni nani na mama yake hajui. Nimewahi kupatana na mteja sokoni akanikazia macho kama anayesoma gazeti. Nikaangalia nyanya.

Sasa sikiza. Jumamosi moja tulikuwa kwenye bustani upande wa Ruiru. Watu kama 60 hivi, kila mmoja amevaa rangi ya timu yake. Upande wa baba wote walivaa bluu. Nasema wote, mpaka shosho mmoja aliyefungwa leso ya bluu kichwani. Baba mtarajiwa alikuwa mchangamfu sana asubuhi, hata alinisaidia kubeba sanduku. Likafunguliwa, pinki zikatoka.

Alipiga makofi mara tatu. Nilihesabu kwa sababu ilibidi niangalie mahali. Kisha akatoa simu mfukoni, akaiweka sikioni na kuelekea maegesho, na nakuapia simu hiyo haikuwa imelia. Mama naye hakuziangalia baluni hata. Alikuwa anaangalia mgongo wa mumewe ukienda. DJ akaongeza sauti, mtu wa kamera akaomba warudie kukumbatiana. Mimi nikaanza kuokota karatasi.

Tangu siku hiyo nimekuwa na neno la kusema, na leo nalisema hata kama nitamwaga unga wangu.

Mambo haya ya sherehe hayana hata miaka 20. Mwaka wa 2008 huko Marekani, mwanablogu aitwaye Jenna Karvunidis alikata keki iliyokuwa na krimu ya pinki ndani, mbele ya familia yake, kisha akaandika habari hiyo. Alikuwa na sababu: alikuwa amepoteza mimba kadhaa kabla ya hiyo, na kufika pale kwenyewe kulikuwa jambo la kushangilia. Dunia ikachukua keki ikaacha sababu. Mwaka wa 2019 aliandika kwenye Facebook kwamba anajutia kiasi kile alichoanzisha, na akaweka picha ya familia ambayo binti aliyetangazwa na keki ile amevaa suti. Mwaka uliofuata, Septemba 2020, kifaa cha moshi wa rangi kwenye sherehe kama hii kiliwasha moto kule California. Ekari zaidi ya 22,000 ziliungua na mzima moto mmoja akapoteza maisha. Kwa sababu ya rangi. Sisi tulichukua mtindo huu TikTok ukiwa tayari umekomaa, tukauongezea nyama choma na kamati ya WhatsApp ya kuchangisha doh.

Lakini usidhani shida yangu ni sherehe. Sherehe inanilipia nyumba. Shida yangu ni lile swali lenyewe, na nani anaulizwa, na jibu likishatoka nani analibeba.

Swali hili ni la zamani kuliko hizi simu. Wamisri wa kale walikuwa wakimwambia mwanamke akojolee nafaka za ngano na shayiri kila siku, halafu wanaangalia ipi itaota kwanza. Watafiti walijaribu tena mwaka wa 1963 na wakaona kwamba mkojo wa mjamzito uliotesha mbegu mara nyingi, karibu asilimia 70, kwa hivyo kama kipimo cha mimba wazee wale hawakuwa wajinga. Kwa jinsia, hakuna kitu. Mtaani kwetu tuna zetu. Tumbo likichongoka ni kijana, likitanuka ni msichana. Ukitamani ndimu ni hivi, ukitamani keki ni vile. Ning'iniza pete kwa uzi juu ya tumbo uone inazunguka au inabembea. Na kiungulia kikikusumbua, eti mtoto ana nywele nyingi.

Hapo kwa kiungulia kuna kichekesho. Watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins walitaka kuizika hadithi hiyo, wakafuatilia wanawake 64, na ripoti yao ya 2006 ikasema kumbe kina mama waliosumbuliwa zaidi na kiungulia kweli walizaa watoto wenye nywele zaidi. Kwa hivyo shosho wako ana pointi moja. Ile ya umbo la tumbo, kikundi hicho hicho kiliichunguza mapema, 1999, na haikusimama. Tumbo linachongoka kulingana na misuli ya mama, mwili wake, na vile mtoto amelala. Halijui habari ya kijana wala msichana.

Nayajua haya yote kwa sababu yalinihusu. Mimi ni wa nne kwetu, na sisi wote ni wasichana. Mimba yangu ilichongoka vibaya sana. Shosho akasema huyu ni kijana bila shaka, na baba akaamini, akatembea na jina la babake mdomoni miezi mitano. Enzi hizo, mtaani kwetu, skani haikuwa kitu cha kawaida. Ulienda ukiwa na shida kubwa, si kuulizia rangi. Nikazaliwa. Kwetu, Wakikuyu, kijana hupigiwa vigelegele vitano na msichana vitatu. Mathe huwa anacheka akisema nilipigiwa vitatu lakini cha tatu kilikatikia njiani. Baba alikuja hospitalini siku ya tatu. Kabla sijaanza nasari alikuwa na nyumba nyingine upande wa Nakuru, na huko alipata kijana, ambaye nimemwona mara mbili. Ni mpole. Anafanana nami mno.

Na kilichonikera zaidi nilipokua ni kusoma kwamba mathe hakuwa na mkono wowote kwa hiyo kesi. Tangu 1905 sayansi inajua. Mmarekani Nettie Stevens alikuwa akichunguza wale wadudu wa kwenye unga akaona kwamba kinachoamua dume au jike kinatoka kwa mbegu ya dume: nyingine zina kromosomu kubwa, nyingine ndogo. Ndiyo hizi tunazoziita X na Y. Yai la mama lina X tu. Baba ndiye anayeleta X au Y, na hata yeye hachagui. Miaka zaidi ya mia moja imepita na bado kuna wanawake mtaani wako wanaofukuzwa kwa kitu ambacho hawakuwa wamekibeba.

Sasa twende kwa skani, kwa sababu hapa ndipo nilipobadilisha msimamo wangu.

Nilikuwa nimepanga kuandika makala ya kuwaambia wacheni kuuliza jinsia kabisa, subirini mtoto azaliwe kama zamani. Nilikuwa hata na kichwa chake. Kisha dada yangu wa pili, anayekaa Githurai, akaniomba nimsindikize kliniki. Alikuwa na wiki 20. Ana wasichana wawili, saba na nne, na mumewe alikuwa kazini siku hiyo.

Kama hujawahi kuingia kile chumba, ni hivi. Giza kidogo. Unalala, unapakwa jeli ya baridi, kile kidude kinapitishwa tumboni na kwenye skrini kunaonekana kama theluji ya televisheni ya zamani. Halafu ghafla kuna kichwa. Mtaalamu alikuwa mwanamke wa makamo, asiye na maneno mengi. Akapima kichwa, akapima mfupa wa paja, akatafuta vyumba vinne vya moyo, akaufuata uti wa mgongo polepole kama anayehesabu shanga. Hii ndiyo kazi ya skani ya kati ya wiki ya 18 na ya 22. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa 2016 lilipendekeza kila mjamzito apate angalau skani moja kabla ya wiki ya 24, na hakuna mahali mle palipotajwa baluni. Sababu ni kujua umri wa mimba sawasawa, kujua kama ni mapacha, na kuona mapema kama kuna kitu hakijakaa vizuri.

Na kulikuwa na kitu hakijakaa vizuri. Kondo la nyuma, ile wengi wenu mnaita plasenta, lilikuwa limekaa chini na kufunika mlango wa uzazi. Yule mama akatueleza taratibu. Mara nyingi mimba ikikua kondo huonekana likipanda juu na mambo yanakuwa shwari. Likikataa, mtoto hawezi kupita, itabidi upasuaji, na kabla ya hapo mama anaweza kuvuja damu nyingi ghafla. Arudi akiwa wiki ya 32 waangalie tena. Akiona damu, hata kama ni kidogo na haumwi, asingoje asubuhi.

Dada yangu alikuwa ameshika ukingo wa kitanda. Akauliza, "Na ni nini?"

Nilishangaa. Nilitaka kumwambia, si umesikia umeambiwa nini? Lakini yule mtaalamu hakushangaa, nadhani anasikia hilo swali kutwa. Akauliza kama kweli anataka kujua. Akasogeza kidude, akatafuta pembe, akasema, "Msichana."

Hatujafika hata kituo cha matatu simu ikalia. Mama mkwe, kutoka Murang'a. Nilisikia yote kwa sababu dada huweka simu kwa sauti kubwa.

"Mama Wambui, mmetoka?"

"Tumetoka, mama."

"Wamesema nini?"

"Wamesema kondo liko chini, mama, limeziba mlango. Nikiona damu niende hospitali mbio."

"Haya, Mungu atasaidia. Sasa, ni guka?"

Lazima nikueleze hapo. Kwa desturi yetu kijana wa kwanza huchukua jina la babake baba. Msichana wa kwanza huchukua la mamake baba, na wa pili la mamake mama. Kwa hivyo huyu mama mkwe tayari ana Wambui wake, anampenda, anamnunulia viatu. Lakini mumewe alifariki na hakuna mjukuu hata mmoja wa jina lake, na shemeji yangu ndiye kijana wake wa pekee. Mtu akifa na jina lake lisirudi, kwa watu wa umri wake ni kama amekufa tena. Namwelewa. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia na imenishinda. Lakini pia nilisikia kwa masikio yangu kwamba habari ya damu ilipita kwa maneno matatu.

Dada akasema, "Hawakuona vizuri, mama. Mtoto alikuwa amefunga miguu."

Wewe kama ni mwanamke na una marafiki waliozaa, huo uongo unaujua. Unasemwa kote mjini. Wakati mwingine ni kweli, mtoto hukaa vibaya, au kitovu kinapita katikati ya miguu na kumdanganya hata mtaalamu, na kabla ya wiki ya 14 hivi vijana na wasichana kule chini hufanana kiasi kwamba anayekuambia kwa uhakika anabahatisha. Ndiyo maana kuna watu walinunua nguo za bluu na wakatoka hospitalini na msichana. Lakini mara nyingi, mtoto "aliyefunga miguu" alifungua vizuri tu. Ni mama ambaye amefunga mdomo.

Ndani ya matatu nilimuuliza, kama ungedanganya, kwa nini ulijisumbua kuuliza? Si ungekaa tu bila kujua?

Akaniambia, "Mathe aliambiwa ni kijana mpaka dakika ya mwisho. Unakumbuka vile husema? Alizaa na akashindwa siku hiyo hiyo, bado hajaoshwa. Mimi nataka miezi minne. Nikifika pale nitakuwa nimemzoea, nimempa jina, nimempenda, na mtu akikunja uso nitakuwa na nguvu ya kumwangalia."

Niliangalia nje mpaka Roysambu. Ile makala yangu ya kuwaambia msijue ikaishia hapo.

Kwa hivyo leo nasema tofauti. Mama akitaka kujua, ajue. Asipotaka, asiambiwe. Lakini habari hiyo ni yake kwanza, kabla ya kuwa ya mume, ya mama mkwe, ya kamati ya WhatsApp au yangu mimi wa baluni. Iko ndani ya mwili wake na yeye ndiye atakayelala na matokeo yake. Ukimwona mjamzito, kwenye harusi, kanisani, kwa foleni ya M-Pesa, swali la kwanza usiulize "ni kijana ama msichana?" Muulize analala vipi, au kliniki walisemaje. Najua unauliza kwa upendo. Yeye hajui hilo. Anachosikia ni mama mkwe wa kumi wa siku hiyo.

Na usifikiri ni mambo madogo ya hisia. Nchi nyingine swali hili limeua. Kwa maumbile, kila wasichana 100 wanaozaliwa huzaliwa vijana kama 105. India, skani ilipokuwa rahisi na watu wakaanza kuitumia kutoa mimba za wasichana, serikali ilitunga sheria mwaka wa 1994 ya kupiga marufuku kumwambia mzazi jinsia. Kliniki za huko hubandika tangazo ukutani kwamba hawatasema, usiulize. Hata hivyo sensa ya 2011 ilipata wasichana 919 tu kwa kila vijana 1,000 wa umri wa miaka sita kushuka chini. Korea Kusini nao walipiga marufuku mwaka wa 1987, na mwaka wa 1990 bado walikuwa na vijana zaidi ya 116 kwa kila wasichana 100 waliozaliwa. Halafu kitu kikabadilika, na haikuwa sheria peke yake. Wanawake wakasoma, wakapata kazi, sheria za ukoo zilizomweka mwanamume juu zikaondolewa, wazee wakaona kwamba binti pia huwatunza. Hesabu ikarudi kawaida. Februari 2024 mahakama yao ya katiba ikasema marufuku iliyobaki haina maana tena, wazazi waambiwe wakati wowote. Kwa nini? Kwa sababu jibu halikuwa tena hukumu.

Sisemi Kenya ni India. Hapa kwetu hatuna sheria kama ile, ukiuliza unaambiwa. Sisi tuna njia yetu ya pole pole. Mwanamke anaambiwa "jaribu tena," na tena, mpaka anafika mtoto wa saba akitafuta kijana, au mume anatafutia kijana kwingine. Na ukimuuliza mzee sababu atakuambia shamba. Msichana ataolewa, shamba litaenda kwa wenyewe. Mzee huyo yuko nyuma ya mahakama. Mwaka wa 2005, katika kesi ya familia ya Rono, Mahakama ya Rufaa ilisema binti wa marehemu hawezi kupunguziwa urithi kwa sababu ya jinsia au kwa sababu huenda akaolewa, na Katiba ya 2010 ikaja kulisema jambo hilo kwa herufi kubwa. Sheria tunayo. Ni kwenye sanduku la baluni ambapo bado haijafika.

Kitu kingine ambacho sanduku langu halijui ni mtoto ambaye si pinki wala bluu. Sensa yetu ya 2019 ilihesabu watu 1,524 wenye jinsia mbili, na Sheria ya Watoto ya 2022 inawatambua watoto hao kwa jina lao. Siku moja nitapewa bahasha, nipulize bluu, na miezi baadaye madaktari wawaambie wazazi kitu ambacho hakuna rangi yake kwa duka la mapambo. Wazazi hao tayari watakuwa na video yenye watazamaji elfu kumi ikisema ni kijana. Watafanyaje? Hapo sherehe imeharakisha kitu ambacho kilihitaji utulivu.

Na sasa hata skani inaachwa nyuma. Mwaka wa 1997 Dennis Lo na wenzake walionyesha kwamba vipande vya DNA ya mtoto huelea kwenye damu ya mama. Walichotafuta ni Y, kwa sababu mwanamke hana Y yake. Ukiipata kwa damu yake, imetoka kwa kijana aliye tumboni. Kutokana na hapo kukaja kipimo cha damu ambacho kinaweza kusema jinsia kuanzia wiki ya 10. Kazi yake kuu ni kutafuta matatizo ya kromosomu, lakini unajua sisi. Wiki ya 10, mse, kabla tumbo halijaonekana, kabla hujawaambia wenzako ofisini. Kama mgongo wa yule baba wa Ruiru ungegeuka wiki ya 10, mimba hiyo ingefika wapi? Swali hili silipendi lakini linanifuata nikiwa nafunga utepe.

Nimebadilisha kazi yangu kidogo. Mteja akinipigia naomba niongee na mama peke yake kabla sijachukua bahasha. Namuuliza kama yeye angependa kufungua kwanza. Wengine wanacheka, wanasema hapana, tutashangaa pamoja, na kweli nimeona wanandoa ambao rangi yoyote ingetoka wangeruka vilevile. Hao nawapambia na roho safi. Lakini wanne hadi sasa wamefungua mbele yangu. Mmoja alisoma, akakaa kimya, akairudisha kwa bahasha na kuniomba niwaambie kamati kwamba mapambo yatakuwa meupe na ya dhahabu, sherehe ya kumwombea mtoto, basi. Walilalamika sana kwenye kikundi. Pesa ya baluni nilipata ile ile.

Dada yangu sasa ana wiki ya 31. Hajavuja damu. Shemeji alimwambia baada ya wiki moja, usiku, taa ikiwa imezimwa. Anasema alinyamaza muda mrefu hadi akadhani amelala. Halafu akauliza, "Na ile kondo, walisema turudi lini?" Asubuhi aliandika tarehe kwenye kalenda ya jikoni, na wiki iliyopita alienda na marafiki zake wawili kutoa damu, endapo. Mambo ya mamake amesema aachiwe, atamwambia mwenyewe.

Bado hajamwambia. Mama mkwe anakuja Jumatano na basi la saa nne, skani ni Alhamisi.